Nge wa Mchana

Mjukuu wangu alirudi kutoka shule amelikumbatia begi kifuani badala ya kulibeba mgongoni, nikajua kuna jambo. Mtoto akilishika begi namna ile, ama amevunja kitu cha watu au yeye mwenyewe amevunjwa moyo. Nilikuwa kwenye cherehani nashona zipu ya sketi, kazi ambayo haitaki maneno. Nikamwambia aketi, anywe maji, kisha aseme.

"Siendi tena shule," alisema.

"Vizuri. Njoo ushone hizi zipu, mimi nikalale."

Hakucheka. Hapo nikatoa mguu kwenye pedali, kwa sababu huyu mtoto hucheka hata nikipiga chafya.

Baba yake, mwanangu wa pili, huendesha greda kwenye ujenzi wa barabara, na mama yake hupikia wafanyakazi wa kambi hiyohiyo. Kambi inahama na barabara, leo huku, mwezi ujao kule, na shule huwa mbali kuliko hata duka la chumvi na sabuni. Ndiyo maana mwaka huu wakamleta kwangu mjini aanze darasa la tatu. Tulikubaliana atakaa hadi amalize shule ya msingi. Nilitoa vitambaa kwenye chumba cha nyuma, nikamtandikia kitanda, nikamshonea sare mbili zenye pindo refu la kushushwa atakapokua. Sikuwa nimemwambia mtu, lakini tangu aje nilikuwa nafunga kibanda mapema kidogo ili tule pamoja.

Basi akaeleza. Wiki iliyopita mwalimu wao aliuliza darasani ni nani amewahi kumwona mnyama wa hatari. Mmoja akasema mbwa wa jirani, mwingine akasema nyuki. Mjukuu wangu akanyoosha mkono, akasema yeye amemwona nge aliyejaza upande mzima wa anga, mwenye moyo mwekundu unaowaka, na baba yake ndiye aliyemwonyesha. Darasa zima likavunjika mbavu. Kiranja wa darasa, kijana mmoja ambaye wote humwita Kapteni, akasimama na kusema, "Wewe, hapo umetia chumvi gunia zima!" Kufikia mapumziko jina lake likawa Chumvi. Tangu siku hiyo hasemi kitu bila kuulizwa kama ni kweli au ni chumvi. Akiomba ruhusa ya kwenda chooni, wanauliza. Akisema kalamu iliyoanguka ni yake, wanauliza.

"Si uwaonyeshe huyo nge?" nikasema.

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mzee. "Wapi, Bibi?"

Ni kweli, wapi? Kambini hakuna taa za barabarani kwa sababu barabara yenyewe bado haijafika, na huko nyota zimejaa tele, nazo ndizo zinazomchora huyo nge. Mtaani kwetu kuna taa za maduka, taa za kituo cha mafuta, na juu ya ghala lililo jirani nasi kuna litaa moja linalotufanya tulale na mapazia mawili. Ukitazama juu unaona weupe kama maji yaliyooshewa vyombo. Ukibahatika unahesabu nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ndege ya abiria.

"Bibi, wewe unaniamini?"

Nitasema kweli. Mimi huyo nge sikuwahi kumwona. Maisha yangu yote nimetazama chini, kwenye sindano. Lakini yako maswali ambayo mtu hayajibu kwa kupima. "Nakuamini," nikasema, nikakanyaga pedali ili asione uso wangu.

Akaniambia shauri lake. Siku chache zijazo shuleni kungekuwa na maonyesho ya kazi za mikono. Kila mtoto na mtu wa nyumbani kwao watengeneze kitu kinachofundisha wenzake jambo. Yeye alitaka kumpeleka nge. Wakimwona kwa macho yao wataacha lile jina.

"Na wasipoacha?"

"Nitampigia Baba aje anichukue. Nitakaa kambini. Mama atanifundisha kusoma akimaliza kupika."

Alilisema polepole, bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Mama yake ni mkwe wangu, nampenda, lakini akimaliza kupikia wanaume wale wote hawezi kumfundisha hata paka kunywa maziwa. Mtoto akirudi kambini, shule imekwisha. Na chumba cha nyuma kitarudi kuwa stoo.

Basi tukaingia kazini.

Tulianza na vifungo. Nilikuwa na kopo la vifungo vyeupe vya mashati, nikampa kipande cha kitambaa cheusi, akavipanga kimoja kimoja na mimi nikavishona. Tulipomaliza tukakitundika ukutani, tukasogea nyuma, tukakodoa macho. Kilikuwa kitambaa chenye vifungo. Hata mimi niliyeahidi kuamini sikuona nge, niliona shati lililokosa mikono.

Tukajaribu kopo la maziwa. Tulilitoboa matundu machache chini kwa msumari, tukaweka tochi ndani, tukazima taa, na kweli vidoa vya mwanga vikatua darini. Akapiga makofi. Kisha akakumbuka kwamba maonyesho ni asubuhi, tena nje uwanjani, kwenye jua. "Wataona kopo tu, Bibi. Kapteni atasema nimeleta kopo."

Huyu Kapteni alianza kunikera sana. Na nilipouliza ni mtoto wa nani, nikakereka zaidi. Ni mjukuu wa Bwana Mkunjo.

Bwana Mkunjo ni fundi mwenzangu, kibanda chake kinatazamana na changu. Tumempa jina hilo kwa sababu ya suruali zake, maana mkunjo wa mbele unaweza kukukata kidole. Ni fundi mzuri, simnyimi haki yake, lakini ana tabia moja mbaya. Ukipita na nguo uliyoshona wewe, anaishika pindo, anaigeuza, anatazama mshono wa ndani, kisha anasema, "Mmh." Hasemi zaidi. Ile "mmh" imewahi kunikosesha usingizi. Mimi kanuni yangu ni kwamba uso wa nguo ni wa watu, na upande wa ndani ni siri yangu na cherehani yangu. Ukitaka kuona ndani, nenda kashone yako.

Jawabu lilipatikana kwa ajali. Nilikuwa napiga pasi ya mkaa kipande cheusi kilichobaki kwenye majoho niliyowashonea walimu kwa ajili ya mahafali, nikatikisa pasi kwa hasira, cheche ikaruka ikatoboa kitambaa. Nilisema neno ambalo bibi hatakiwi kulisema. Nikakiinua kipande kuelekea mlangoni ili nione hasara, jua likapenya kwenye lile tundu dogo.

"Nyota!" mtoto akapiga kelele. "Bibi, umetengeneza nyota!"

Tukatazamana. Kitambaa cheusi kizito, jua juu yake, watu chini yake. Hatuhitaji usiku. Tunahitaji hema.

Mabaki ya yale majoho yalikuwa mengi lakini madogo, hiki cha bega, hiki cha mkono, na hiki cha pale kwenye tumbo la mtu mnene. Nikayaunganisha kama kiraka juu ya kiraka mpaka nikapata dari na kuta nne, za kutosha watoto kadhaa kuketi ndani. Uzi mweusi ukaisha katikati. Duka la nyuzi lilikuwa limefungwa, na kwa Bwana Mkunjo nisingekwenda hata ningekuwa nashona sanda yangu mwenyewe. Nikaendelea na wa njano. Si ulikuwa upande wa ndani? Ncha sikuzikata, kingo sikuzifunga, zikabaki na manyoya kama kuku aliyenyeshewa. Lakini ukiligeuza uso likawa hema jeusi, safi, limenyooka, hata mshono huoni. Nilijua Bwana Mkunjo atakuwepo kwenye maonyesho pamoja na mjukuu wake. Nilitaka alizunguke mara mbili, atafute kosa, akose.

Ikabaki anga. Nilimpa mjukuu wangu karatasi ya kaki ninayokatia ruwaza za nguo, akalala chali sakafuni kwanza, akafumba macho, akawa ananyoosha kidole hewani na kunong'ona kama anayesoma sala. Kisha akainuka na kuchora. Kitone hapa, kitone pale. Makucha, kifua, moyo, mkia mrefu unaoshuka na kupinda, na mwiba mwishoni. Alifuta mara moja tu. Pembeni akaongeza vitone vingi vingine, akasema hao ni majirani zake, majina yao hajui.

Nikatandika dari ya hema mezani, uso juu, nikaweka karatasi juu yake na kuibana kwa pini. Mapambo huwekwa usoni mwa kitambaa, hakuna fundi anayetarizi upande wa ndani. Wala sikufikiria mara mbili. Tukapasha misumari kwenye jiko, mwembamba kwa nyota ndogo, mnene kwa nyota kubwa. Yeye ananionyesha kitone, mimi nachoma. Kitambaa kikawa kinayeyuka kidogo pembeni mwa kila tundu, na hakikuchanika. Chumba kilinuka vibaya mno na tulifurahi mno. Kwenye moyo wa nge tukagundisha kipande chekundu cha karatasi ya peremende. Peremende yenyewe aliila yeye, kwa maelezo kwamba ni mabaki ya kazi.

Jua lilikuwa limeshazama, kwa hiyo hatukuweza kujaribu. Nikalikunja hema, nikalifunga kwa kamba. Alilala akitabasamu.

Asubuhi uwanja wa shule ulijaa wazazi na meza. Kulikuwa na saa ya kadibodi, mizani ya vifuniko vya chupa, na Kapteni alikuwa na ramani ya mtaa iliyoshonwa kwa uzi, barabara zote zimenyooka kama suruali za babu yake. Bwana Mkunjo mwenyewe alisimama karibu nayo, mikono nyuma. Sisi tukasimamisha fito nne katikati ya uwanja, tukavalisha hema, tukalifunga pembeni kwa kamba. Jua lilikuwa kali, anga haina wingu. Hema likasimama jeusi, limenyooka tuli, nami nikasimama kando yake kifua mbele.

Bwana Mkunjo akaja. Akalizunguka mara ya kwanza. Akalizunguka mara ya pili.

"Mama Fundi," akasema, "hili umelishona lini?"

"Nilipopata nafasi."

Hata "mmh" haikutoka. Ningeweza kufa siku ile bila kinyongo na mtu.

Mwalimu wa darasa akawapanga watoto mstari, akawaingiza kwa zamu. Mjukuu wangu alibaki nje mlangoni kuwashikia pazia, maana yeye ndiye mwenyeji. La kwanza tulilosikia kutoka ndani lilikuwa msukumano wa kutafuta nafasi. Halafu sauti moja, "Heee!" Halafu zote kwa pamoja.

"Nyota! Mchana!"

"Nge yule! Nimemwona! Ana mkia!"

"Moyo mwekundu! Kumbe kweli ana moyo mwekundu!"

Walitoka wametoa macho. Kapteni akatoka wa mwisho. Akasimama mbele ya mjukuu wangu, akakuna kichwa, akasema kwa sauti ya kiranja, watu wote wasikie, "Nge yupo. Nimemwona mwenyewe. Sio chumvi."

Moyo wangu ulijaa, sitaficha. Nilimwona mwalimu anacheka, nikawaona wazazi wanapanga mstari nao waingie. Imekwisha, nikajisemea. Mtoto anabaki.

"Bibi, na mimi sasa naingia," akasema, akanipa pazia nishike.

Alikaa humo muda mrefu kuliko wote. Nikachungulia. Alikuwa amelala chali. Akageuka, akalala kichwa upande wa pili. Akageuka tena. Alipotoka hakuwa anatabasamu.

"Bibi," akaninong'oneza, "siye."

"Siye nani?"

"Siye yeye. Baba alinifundisha, makucha yakiwa upande wa mkono wangu wa kulia, mkia unashuka kwenda miguuni, halafu mwiba unapinda kurudi juu. Humu makucha yako kushoto. Nikigeuka yawe kulia, mkia unapanda kichwani. Nimejaribu kila namna, Bibi, hakai."

Mwanzo sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja. Karatasi niliiweka usoni mwa kitambaa, kwa nje. Lakini watoto wako ndani. Wanalitazama tundu lilelile kutoka upande wa pili, kwa hiyo anga yote imepinduka, kulia imekuwa kushoto, kama kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia. Miaka yote hii nashona nguo nikiitazama kutoka nje, kama watakavyoiona watu barabarani. Sijawahi kukishona kitu kwa macho ya aliyemo ndani.

"Nyamaza," nikamwambia. Ndiyo, nilisema hivyo, na nilimaanisha. "Hakuna anayejua. Wameshaamini. Kapteni mwenyewe amesema mbele ya watu. Unataka nini tena?"

"Lakini siye."

"Mjukuu wangu, nge ni nge!"

Akanitazama, machozi yakaanza kumlenga. "Siku wakimwona wa kweli watasema nilidanganya. Na watakuwa hawajakosea."

Hasira ikanipanda, si kwake, ni kwa sababu alikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Kisha akawageukia wenzake, akasema kwa sauti, "Jamani. Nge mliyemwona amekosewa. Yuko kinyume. Wa kweli hayuko hivyo."

Mtoto mmoja nyuma akapaza sauti, "Si nilisema? Chumvi amekiri!" Wengine wakaanza kucheka. Kile kicheko nilikuwa sijawahi kukisikia, nilikuwa nimehadithiwa tu. Kapteni hakucheka, ila alionekana kama mtu aliyeweka sahihi mahali kisha akaambiwa mkataba ni batili. Mjukuu wangu alisimama palepale, mikono imeshuka, akanitazama mimi.

Dawa niliijua. Ilikuwa rahisi kuliko zote, kila fundi huifanya kila siku bila kufikiri. Hema ni nguo, na nguo iliyokosewa upande inageuzwa. Uso uende ndani, ndani ije nje, na nge atakaa sawasawa.

Ila ndani ikija nje, watu wote wataiona. Uzi wa njano, manyoya, ncha zinazoning'inia, viraka. Wazazi wote, ambao nusu yao ni wateja wangu. Na Bwana Mkunjo, mikono nyuma, yuko hatua chache kutoka nilipo. Nilisimama nimeshika pazia la hema langu zuri na sikutaka, nawaambia, sikutaka kabisa.

Kisha nikaona mtoto anaanza kulitafuta begi lake kwa macho.

"Ngoja!" nikafoka, uwanja mzima ukanigeukia. "Aliyekosea ni mimi. Huyu mtoto alichora sawa, mimi nimemshonea kinyume. Mwalimu, nipe watu wanne washike fito. Tunaligeuza."

Tukafungua kamba, nikaingiza mikono, nikalivuta hema kama mtu anayegeuza foronya. Likatoka kila kitu. Jua halikuficha hata uzi mmoja. Mama mmoja niliyemshonea gauni la sherehe ya kumuaga bintiye akasema, "Loo," kisha akajishika mdomo. Na mimi nilikuwa nimesahau jambo moja baya zaidi, kwamba vipande vya majoho huwa naviandika kwa chaki upande wa ndani nisichanganye wateja. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amesogea kusaidia kushika fito, akajikuta ana kipande chake usoni. Akasoma kwa sauti, kwa sababu walimu hawajui kusoma kimya. "Mwalimu Mkuu. Tumbo. Ongeza. Ongeza tena."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yeye akalitazama tumbo lake, akalipigapiga, akasema, "Kumbe ndiyo maana lile joho lilinitosha!" Watu wakaangua kicheko, kicheko cha namna nyingine, na mimi nikapumua.

Shida ikawa kamba za kufungia, kwa sababu sasa zilikuwa zimebaki ndani. Nikawa nahangaika na pembe moja inayoteleza, ndipo mkono mwingine ukaishika. Ulikuwa na pini mdomoni. Namaanisha Bwana Mkunjo ndiye alikuwa na pini mdomoni. Akabana pembe ya kwanza, ya pili. Alipofika ya tatu macho yake yakashuka kwenye mshono.

"Uzi wa njano?" akauliza kupitia kwenye pini.

"Mweusi uliisha."

"Kwangu nina kidonge kizima cha uzi mweusi."

"Najua."

"Ungekuja."

"Bora ningeshona kwa nywele zangu."

Akacheka mpaka pini ikaanguka. Katika miaka yote tuliyotazamana sikuwahi kuyaona meno yake ya nyuma. Akabana pembe ya nne, akarudi nyuma, akalitazama lile hema lenye manyoya, nami nikasubiri ile "mmh" kama mtu anayesubiri sindano ya hospitali.

"Limesimama," akasema.

Mjukuu wangu akaingia peke yake kwanza. Sote tukangoja. Nilisikia majani yakichakarika alipolala. Kisha sauti yake ikatoka, ndogo, ya furaha, "Ndiye! Bibi, ndiye huyu! Njooni!"

Mwalimu hakuwahi hata kupanga mstari. Waliingia kama maji, wakajibana, miguu ikatokeza chini ya kuta. Na mimi nikapiga magoti, nikajipenyeza mlangoni, nikaweka kichwa ndani, kwa sababu wote walikuwa wamemwona isipokuwa mimi. Mwanzo nikaona giza. Halafu macho yakazoea, na akatokea juu yangu, mkubwa, amenyoosha makucha, mkia umepinda, moyo mwekundu katikati ya kifua. Nilisahau kwamba ni mabaki ya majoho. Nilisema kwa sauti, "Kumbe!" na watoto wakanicheka, na sikujali.

Mjukuu wangu alikuwa katikati yao, kidole juu, anawaelekeza. Hapa makucha. Huu mkia. Hapa mwiba, ukifuata hivi. Walikuwa wanamkatiza kwa maswali, wote kwa pamoja. Nge halisi ni mkubwa kuliko huyu? Mkubwa sana, huyu ni mtoto. Anauma? Hapana, yuko mbali. Anaonekana kila siku? Kuna miezi hayupo. Wanauliza, anajibu, wanameza, na hakuna aliyetaja lile jina.

Kisha yule mtoto wa nyuma, yule aliyepaza sauti, akanyoosha kidole kwenye kona ambako tulitoboa matundu ya wale majirani. "Na hizi je? Hizi si zinafanana na simba? Ni simba hizi?"

Nikaona mjukuu wangu anazitazama. Angeweza kusema ndiyo. Wangeamini chochote saa ile, angewaambia ni tembo amebeba mwavuli wangeamini.

"Sijui," akasema. "Baba hakunionyesha."

"Aa, sema tu. Unajua wewe!"

Kapteni, aliyekuwa amelala kando yake mikono chini ya kichwa, hakuyaondoa hata macho yake darini.

"Huyu akisema hajui," akasema, "ujue hajui."